Nanaa Imeota Ukungu Chupani: Kosa Liko Wapi?

Dada mmoja wa Tanga ameleta swali wiki hii. Alivuna nanaa ya bustanini kwake, akaianika kwenye ungo siku nne, akaifikicha, akaijaza kwenye chupa ya jemu na kukaza mfuniko. Wiki ya tatu akafungua ili atie kwenye chai, akakutana na utando wa kijivu na harufu ya godoro lililolowa. "Niliikausha mpaka ikawa inalia mkononi," anaandika. "Sasa huo ukungu umetoka wapi?"

Umetoka kwenye vikonyo, dada. Jani la nanaa hukauka kuanzia pembeni kwenda katikati. Uso wake unaweza kulia mkononi huku mshipa wa kati na kile kikonyo vikiwa bado na maji. Ukishafunga chupa, maji yale hayana pa kwenda, yanasambaa taratibu kwenye majani yaliyokuwa makavu, na baada ya siku chache chupa nzima ni mbichi kiasi cha kuotesha kuvu. Halafu kuna hewa yetu. Pwani, kuanzia Lamu mpaka Mtwara, unyevu wa hewa mara nyingi hukaa karibu asilimia 75 hadi 80, na usiku hupanda zaidi. Kilichokauka saa tisa mchana hunywa maji usiku kucha kikiachwa wazi. Ule ushauri unaozagaa wa kuning'iniza mashada jikoni wiki mbili unamfaa mtu wa Iringa au Nakuru wakati wa kiangazi. Mtu wa Tanga akiufuata mwezi wa nne, masika yakiwa yamekaza, atapata ukungu kila mara.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza "nihifadhi vipi", jiulize jani lako lina maji kiasi gani na utayafanya nini hayo maji. Njia zote zinazofanya kazi hufanya moja kati ya haya: huyatoa, huyagandisha, au huyatia chumvi au siki mpaka vijidudu vishindwe kuishi humo.

Majani laini kama kotimiri (giligilani kwa wengine, dania kwa Wakenya), rehani, pasili, shibiti na vitunguu majani ni ya kugandisha. Magumu kama rozmari, thaimu, oregano na mchaichai ni ya kukausha. Nanaa iko katikati, inakubali yote mawili. Usishindane na mgawanyo huu. Kotimiri hasa, ukiikausha, hata ukiifanya kwa ustadi wote, inabaki na rangi tu. Mafuta yanayoipa harufu ni mepesi mno na huruka pamoja na maji. Utajaza chupa kitu chenye ladha ya nyasi kavu, na utakuwa umepoteza tuta zima.

Kuvuna na kuosha

Vuna asubuhi umande ukishakauka na jua halijawa kali, kama saa mbili hadi saa nne. Wakati huo jani limejaa na harufu haijaanza kuruka kwa joto. Vuna kabla ya maua. Rehani ikishatoa maua, majani hupungua ukubwa na huingia uchungu. Ikate juu kidogo ya jozi ya majani, na pale utakapokata yatachipua matawi mawili. Usichukue zaidi ya theluthi ya mmea kwa mkupuo mmoja kama unataka uendelee kukuzalia. Kotimiri ikianza kurefuka na kutoa majani membamba kama manyoya, usingoje tena, ng'oa yote pamoja na mizizi. Mchaichai kata sentimita 10 hadi 15 kutoka ardhini kwa kisu kikali, na vaa mikono mirefu, maana kingo za majani yake hukata ngozi.

Osha kwenye beseni la maji mengi, usioshe chini ya bomba. Tumbukiza, tikisa, kisha nyanyua majani juu uyaweke kwenye chujio. Mchanga unabaki chini. Ukimwaga beseni lote pamoja na majani, umemwaga mchanga juu yake tena. Badilisha maji mpaka chini ya beseni pasiwe na chembe. Kama bustani inapata samadi au maji ya mfereji, usipunguze raundi tatu.

Sasa hatua ambayo wengi huiruka, na ndiyo inayoharibu kazi. Chukua kitambaa cheupe cha pamba kilichokwisha kufuliwa mara nyingi (kanga mpya itatoa rangi), weka majani katikati, kusanya pembe nne, kaza mkononi, toka uani uzungushe mkono kama unayerusha kombeo, mara 15 hadi 20. Utaona matone yanaruka ukutani. Kisha tandaza majani juu ya kitambaa kingine kikavu chini ya feni kwa saa moja. Kipimo ni hiki: bana konzi ya majani kwenye tishu. Tishu ikilowa, bado. Majani yenye maji juu yake yakiingia kwenye friji huoza, yakiingia kwenye friza hushikana kuwa jiwe, na yakianikwa huwa meusi.

Ya kutumia wiki hii

Si kila kitu kinahitaji kuhifadhiwa miezi sita. Kotimiri yenye mizizi au vikonyo virefu isimamishe kwenye glasi yenye maji ya sentimita 3, ukiwa umetoa majani yote yanayogusa maji. Funika juu kwa mfuko mwepesi au kopo kubwa lililopinduliwa, weka kwenye friji mbali na ukuta wa nyuma unaogandisha, na badilisha maji kila baada ya siku mbili. Hukaa siku 10, na ikiwa imevunwa vizuri hufika hata wiki mbili. Usiiweke karibu na ndizi mbivu wala nyanya. Matunda yanayoiva hutoa gesi ya ethilini inayofanya majani kuwa ya njano.

Rehani usiiweke kwenye friji kabisa. Ni mmea wa joto, na ubaridi ulio chini ya nyuzi 10 hupasua chembe za jani. Kesho yake utakuta madoa meusi kama jani limemwagiwa mafuta ya moto. Iweke kwenye glasi ya maji juu ya meza, mbali na jua. Ikikaa wiki huanza kutoa mizizi, na hapo unaweza kuirudisha ardhini.

Kugandisha

Hii ndiyo njia ninayoitilia mkazo kwa watu wa pwani wenye friza, kwa sababu haijali unyevu wa hewa.

Katakata kotimiri pamoja na vikonyo vyake laini, maana harufu nyingi imo humo. Jaza kila tundu la trei ya barafu theluthi mbili, kama kijiko kimoja cha chakula kilichoshindiliwa, halafu mimina maji baridi yafunike tu. Majani yakibaki juu ya maji yatakauka kwa baridi na kuwa na ladha ya friza. Acha saa 6 hadi 8, chomoa vipande, hamishia kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana, jaza kopo mpaka juu ili hewa iwe kidogo. Makopo ya aiskrimu ya lita 2 yaliyooshwa yanafaa sana. Andika jina na tarehe. Baada ya mwezi huwezi kutofautisha pasili na kotimiri iliyoganda. Kwa nyuzi 18 chini ya sifuri hukaa vizuri miezi 6. Baada ya hapo haitakudhuru, ila harufu inakuwa imepungua.

Tumia kikiwa bado barafu: tumbukiza kwenye mchuzi dakika 2 au 3 kabla ya kuipua. Usikiyeyushe kwa ajili ya kachumbari. Barafu imekwisha kuchana kuta za chembe za jani, kwa hiyo litakuwa tepetepe, na hakuna dawa ya hilo.

Rehani inahitaji hatua moja zaidi. Ukiigandisha mbichi inageuka nyeusi, kwa sababu vimeng'enya vyake vinaendelea kufanya kazi hata kwenye baridi. Chemsha maji, tumbukiza majani sekunde 5 hadi 10 tu, toa haraka uyatie kwenye bakuli la maji yenye barafu, kamua, kausha kwa kitambaa. Kisha saga gramu 100 za majani na mililita 60 za mafuta ya kula, gandisha kwenye trei. Rangi ya kijani inabaki vilevile mpaka mwisho.

Na kama una kotimiri ya tuta zima na hutaki kukaa unakatakata, tengeneza chatini ugandishe. Kwa gramu 200 za kotimiri: pilipili mbichi 2, punje 4 za kitunguu saumu, tangawizi ya sentimita 2, vijiko 2 vya maji ya ndimu, nusu kijiko cha chai cha chumvi, na maji kidogo sana ya kusaidia blenda kuzunguka. Ndimu inaongeza uchachu na inasaidia rangi isififie. Toa vipande vitatu asubuhi, jioni una chatini ya bajia au viazi karai. Ikishayeyuka iwe kwenye friji na iliwe ndani ya siku 3, usiirudishe kwenye friza.

Umeme ukikatika, usifungue friza kutazama. Friza iliyojaa hushika baridi kama saa 48 mlango ukiwa umefungwa. Iliyojaa nusu, kama saa 24. Jaza nafasi tupu kwa chupa za maji (acha nafasi ya maji kutanuka). Vipande ambavyo bado vina barafu ndani unaweza kuvigandisha tena. Vilivyoyeyuka vikapata joto, hasa vyenye mafuta au kitunguu saumu, tupa.

Kukausha mahali penye unyevu

Nanaa kwanza, maana ndiyo iliyoulizwa. Nyofoa majani, acha vikonyo vyote. Vikonyo ndivyo vilivyomponza dada yetu. Tandaza kwa safu moja, jani lisilalie jani, kwenye ungo au chekeche la wavu, ili hewa ipite chini pia. Weka kivulini penye upepo. Jua kali linakausha haraka, ni kweli, lakini linababua rangi na kurusha mafuta ya harufu, na unabaki na majani ya kahawia.

Ukitaka kufunika dhidi ya nzi na vumbi, tumia kitambaa chepesi cha pazia kilichofuliwa. Nasisitiza: usitumie chandarua cha mbu. Vyandarua vingi vinavyogawiwa vimetiwa dawa ya kuua wadudu kutoka kiwandani, na dawa hiyo haifai kugusa kitu kitakacholiwa. Hata kikuukuu, hata kilichofuliwa mara kumi.

Anika kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, wakati hewa iko kavu zaidi, kisha ingiza ndani. Usiku wa kwanza majani bado mabichi, yaache yametandazwa chini ya feni. Kuanzia usiku wa pili, yatie kwenye kopo ukalifunike, asubuhi uyatandaze tena. Kwa njia hiyo hayanywi unyevu wa usiku, na maji ya kwenye mishipa yanapata nafasi ya kusambaa kwenye jani zima na kutoka vizuri kesho yake. Wakati wa kiangazi siku 3 au 4 zinatosha. Wakati wa masika usijaribu bila oveni.

Oveni ya umeme iweke kwenye moto wa chini kabisa, nyuzi 40 hadi 50, na uzuie mlango kwa mwiko ili ubaki wazi kidogo, mvuke utoke. Geuza majani kila nusu saa. Nanaa huchukua saa 2 hadi 4. Oveni ya gesi mara nyingi moto wake wa chini umezidi. Hiyo iwashe dakika 5, izime, ndipo uingize trei na ufunge. Rudia asubuhi na jioni mpaka yakauke. Nyumba ikijaa harufu nzuri ya nanaa, punguza moto, kwa sababu harufu hiyo ilitakiwa ibaki kwenye jani.

Utajuaje limekauka? Mlio mkononi hautoshi, kama tulivyoona. Kunja mshipa wa kati: ukikatika kwa kishindo kidogo, sawa, ukipinda, bado. Lakini kipimo kisichodanganya ni mizani ya jikoni. Pima majani mabichi kabla ya kuanika. Gramu 100 za majani ya nanaa yasiyo na vikonyo zikikauka hubaki kama gramu 15 hadi 22. Ikiwa mizani inasoma 30, bado yana maji hata kama yanavunjika mkononi.

Halafu usiyasage. Jaza majani mazima kwenye chupa kavu ya kioo, theluthi mbili tu, funga, weka mahali unapopita kila siku, kwa wiki moja. Kila asubuhi tazama mabega ya chupa kwa ndani, pale kioo kinapopinda kuelekea mdomoni. Ukiona ukungu wa mvuke au kitone kimoja, au ukitikisa majani yakaenda pamoja kama donge badala ya kuchanguka, mimina yote nje urudie kukausha siku hiyohiyo. Wiki ikiisha bila dalili, hamishia kabatini penye giza, si juu ya jiko. Kijifuko cha mchele uliokaangwa bila mafuta, vijiko 2, kinasaidia kunyonya unyevu unaoingia kila ukifungua, ila hakiwezi kuokoa majani yaliyofungwa mabichi. Fikicha unapotumia, si kabla. Jani likivunjwa mafuta yake yanaanza kutoka. Kijiko kimoja cha majani makavu kinashika nafasi ya vijiko vitatu vya mabichi.

Rozmari na thaimu ni rahisi: mashada madogo ya vijiti 5 hadi 8, yafungwe kwa mpira wa kubana na si kamba, kwa sababu vijiti husinyaa vikikauka na kamba hulegea, shada likaanguka. Mchaichai ukate vipande vya sentimita 2 ukiwa mbichi. Ukikauka mzima utahitaji panga.

Mafuta, na hapa nisikilizwe

Picha zinavutia sana: chupa ya mafuta ya mzeituni, ndani kuna vijiti vya rozmari na punje za kitunguu saumu, imewekwa dirishani. Usifanye hivyo. Bakteria wa botulizimu huishi udongoni, mbegu zake hushikamana na majani na kitunguu saumu, na kuosha hakuziondoi zote. Zikizama kwenye mafuta zinapata kile zinachotaka: mahali pasipo hewa, pasipo uchachu, penye joto la chumbani. Hapo zinatengeneza sumu inayopoozesha mishipa ya fahamu. Mafuta hayabadiliki rangi wala harufu. Mwaka 1985 mjini Vancouver, Kanada, watu 36 waliugua kutokana na kitunguu saumu kilichohifadhiwa kwenye mafuta bila kuwekwa kwenye baridi. Dalili ni kope kulegea, kuona vitu viwiliviwili, ulimi mzito, kushindwa kumeza. Mtu akipata hayo ni hospitali saa hiyohiyo, na mpeleke na chupa.

Ukitaka mafuta yenye harufu ya majani mabichi, tengeneza kidogo, weka kwenye friji, maliza ndani ya siku 4. Ya ziada gandisha. Majani yaliyokauka kabisa hayana hatari ile, kwa sababu hayana maji ya kuwalisha bakteria.

Anayetaka chupa nzuri ya kuweka mezani atumie siki. Chagua yenye uchachu wa asilimia 5, imeandikwa kwenye lebo. Pasha mililita 500 mpaka itoe mvuke bila kuchemka, mimina juu ya vijiti 3 au 4 vya rozmari au thaimu kwenye chupa ya kioo iliyochemshwa dakika 10. Tumia kizibo au mfuniko wa plastiki, maana siki hula bati. Wiki 3 hadi 4 gizani, chuja, tumia.

Asiye na friji ana chumvi. Gramu 400 za majani yaliyokatwakatwa, yawe makavu juu, kwa gramu 100 za chumvi ya mawe. Panga tabaka kwa tabaka kwenye chupa ya kioo, shindilia, anza na kumaliza na chumvi. Kotimiri, pasili na vitunguu majani hukaa hivyo wiki kadhaa mahali pa baridi, na miezi kwenye friji. Ukipikia, usitie chumvi nyingine mpaka umeonja.

Na ile chupa ya Tanga: usikwangue utando wa juu ukatumia majani ya chini. Kuvu imekwisha kupita mpaka chini hata kama haionekani, na baadhi ya kuvu hutoa sumu isiyoondoka kwa kuchemshwa kwenye chai. Mwaga yote, funika kwa udongo. Chupa ioshe kwa sabuni, ichemshe dakika 10, iache juani imepinduliwa juu ya waya mpaka hata mikunjo ya mdomo ikauke. Mfuniko uliopata kutu ndani usiutumie tena. Nanaa iliyokatwa vizuri huchipua upya baada ya wiki tatu au nne, kwa hiyo mavuno mengine yako karibu; yakifika, mizani iwe mezani kabla ya ungo.